Siku Tuliyopanda Kuni

Ujiji, Jumanne. Jua la utosini, vumbi, upepo hakuna.

Sijala tangu asubuhi. Si ugonjwa. Ni kinyaa.

Nilitoka kwenda kununua mkate nikakuta vijana wa manispaa wamejipanga kando ya barabara yetu na lori limejaa migomba. Alhamisi anapita mtu mkubwa. Jina lake silitaji, maana hana kosa la peke yake; kila mtu mkubwa anayepita mahali hupitishwa katikati ya migomba iliyokatwa. Wanachimba shimo, wanasimamisha mgomba usio na mizizi, wanakanyaga udongo, wanasogea mbele. Alhamisi barabara itaonekana kama shamba. Ijumaa itakuwa jalala.

Hayo nimeyazoea. Kilichonirudisha ndani bila mkate ni kingine. Mbele ya lango langu kuna mche wa mjohoro ambao manispaa hao hao waliupanda masika yaliyopita, nami nimekuwa nikiumwagilia kwa birika. Kijana mmoja aliona udongo wa pale ni laini, akajiepusha na taabu ya kuchimba. Akauchomeka mgomba wake pale pale. Mche umelala pembeni, shina limebanwa kama kidole cha mtoto mlangoni.

"Mzee wangu, ni siku mbili tu," akaniambia, kwa adabu kabisa.

Adabu yake ndiyo iliyonichafua tumbo.

Sentensi hiyo niliwahi kuisikia, kwa Kiswahili kingine, ng'ambo ya ziwa, katika mji ambao sijauona tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi.

Wakati wa Wabelgiji nilifanya kazi Kindu katika kundi la miti. Ndivyo tulivyoitwa. Tulifyeka nyasi za barabarani kwa kupekupe, lile panga refu lililopinda nchani. Tulipogoa miti iliyogusa nyaya. Tulimwagilia mawaridi mbele ya ofisi za Wazungu. Na kila kiangazi tulipaka mashina chokaa mpaka usawa wa kiuno, ili mti uonekane umevaa suruali. Sikujua basi na sijui leo chokaa ile ilimsaidia nani. Harufu yake bado iko puani mwangu.

Mzungu wa kazi yetu tulimwita Bwana Kamba. Hakuenda popote bila kamba yake ya katani na vijiti viwili. Mti ukiota nje ya kamba, kosa ni la mti. Kapita wetu, yaani msimamizi wetu Mwafrika, alikuwa Kalonda, mtu wa Pangi, mpana wa mabega, mwepesi wa kucheka, na sote tulimwita yaya kwa sababu alikuwa kama kaka mkubwa.

Yaya Kalonda alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na bila kuieleza hiyo, mengine hayatakuwa na maana.

Mche hufa kwa uvivu wa mtu mmoja siku moja. Jua la kiangazi halisubiri. Kwa hiyo kila tulipopanda, Kalonda alimgawia kila mtu miche yake, akamlazimisha aipe majina ya watu wa nyumbani kwake. Si majina ya mchezo. Mama, dada, mjomba, mtoto. Jioni alipita akiuliza, "Mama yako alikunywa?" Nani angejibu hapana? Tulibeba maji kutoka mtoni mpaka mabega yakachubuka, na miche yetu haikufa.

Mimi nilikuwa na wa mama yangu, wa shangazi yangu, na mmoja niliompa jina la msichana niliyetaka kumwoa. Wenzangu waliligundua upesi.

"Angalieni huyu!" Kalonda alikuwa akipiga kelele. "Mama yake anakauka, bibi harusi anaogelea!"

Ramazani, aliyefanya kazi upande wangu wa kushoto, hakutaniwa. Alikuwa Mwungwana, yaani Mwislamu mwenyeji wa hapo mjini, mtaratibu, kofia yake nyeupe haipati doa hata siku ya kupaka chokaa. Mche wake wa kwanza katika mstari aliuita Salima. Ndilo jina la binti yake, mtoto wake wa pekee aliyebaki hai baada ya wawili kuzikwa. Mche na mtoto walikuwa karibu rika moja. "Salima ametoa jani mpya," alikuwa akisema asubuhi, na mpaka asogee ungeshindwa kujua anasema yupi.

Barabara tuliyoipanda ilikuwa mpya, kutoka stesheni ya reli kushuka kuelekea mtoni. Mijohoro upande huu, mijohoro upande ule. Ilikuwa imefika magotini, mingine kiunoni. Nilipenda kuitazama alfajiri. Ilikuwa midogo, lakini ilikuwa yetu, na ilikuwa hai.

Ndipo zikaja habari kwamba mkubwa kutoka Ulaya atashuka garini na kupelekwa mtoni kwa njia ile.

Bwana Kamba alikuja na kofia mkononi, uso mwekundu. Alisimama kati ya miche yetu akaitazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu.

"Ngoa!" alisema. "Yote! Mukubwa anakuja kuona miti, hapana mboga!"

Kalonda alidhani hakusikia vizuri. Akauliza tutapanda nini badala yake. Bwana Kamba akaonyesha msitu ng'ambo ya mto Kasuku, akaeleza kwa mikono. Twende na lori, tukate matawi makubwa yenye majani mengi, marefu kuliko mtu mara mbili, tuyachomeke ardhini kwa mstari, tuyapake chokaa. Kwa macho ya mgeni itakuwa barabara yenye kivuli.

"Bwana, itakauka," Kalonda alisema.

"Iko siku mbili tu."

Sentensi ndiyo hiyo.

Juma hilo hilo Salima, yule mtoto, alikuwa amelala na shurua. Macho yamevimba, kifua kinakoroma, hanyonyi. Ramazani alikuwa akija kazini bila kulala, akimaliza anakimbia nyumbani. Sote tulijua. Shurua mwaka ule ilipita mitaani kama mkusanya kodi, haikuruka nyumba.

Kwa hiyo tulipoanza kung'oa, kila mtu alifanya kwa namna yake. Wengine waling'oa haraka bila kutazama. Mimi mche wa mama nilimwomba mwenzangu aung'oe, nami nikang'oa wa mama yake. Ukiona ni ujinga, sawa. Mikono yetu ilikataa kung'oa majina ya kwetu.

Ramazani aling'oa yote isipokuwa mmoja.

"Ndugu," Kalonda alimwambia kwa sauti ya chini, "toa na ile. Njo kazi." Kwao "njo" ni "ndiyo".

"Mutoto iko mugonjwa, yaya. Siwezi kungoa jina yake leo. Kesho akipona, nitangoa mwenyewe."

Kalonda alitazama juu na chini ya barabara, akakuna shingo. Kisha akafanya jambo nililompendea. Alituamuru tuchimbe shimo la tawi kando kidogo ya mche, tuchague tawi lenye majani yanayofika chini, ili mche ujifiche ndani yake kama mtoto ndani ya kanga ya mama yake. Tukafanya hivyo. Ukipita hukuona kitu.

Yale matawi yenyewe sitaki kuyakumbuka, ila pua haina adabu. Yalitoa utomvu uliotunata viganjani na kunuka kama maziwa yaliyochacha. Yalikuja na siafu wake, wakatupanda miguuni. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni na vikapu walisimama kututazama. Mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo, aliuliza, "Ninyi baba, munapanda nini?"

Tuliendelea kushindilia udongo.

"Wanapanda kuni!" akawaambia wenzake. "Njo maendeleo! Kesho watapanda makaa!"

Walicheka mpaka wakakamata vikapu. Mwenzetu mmoja akacheka nao. Kalonda akamkemea, kisha akageuka upande wa pili, mabega yakimtikisika.

Baada ya hapo hakukuwa na kicheko siku ile.

Bwana Kamba alikuja jioni na kamba yake. Akafunga kijiti huku, akafunga kijiti kule, akaanza kutembea kando ya mstari kwa jicho moja. Tawi baada ya tawi, vizuri, vizuri. Alipofika kwenye la Ramazani akasimama. Lilikuwa nje ya kamba kwa upana wa kiganja.

Shimo tulilichimba kando ili kuuokoa mche. Tulificha mche kwa majani, tukasahau mstari. Kundi zima la watu wa miti, na hakuna aliyefikiria kamba, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akifikiria miti. Tulikuwa tukifikiria mtoto.

Aliyasukuma majani kwa kiatu, akauona mche.

"Hii nini?"

Ramazani alisogea mbele, lakini Kalonda akamtangulia. Nadhani alitaka kumkinga. Alivua kofia, akatabasamu, akasema neno ninalolisikia mpaka leo.

"Ni jani tu, bwana."

Yule yule aliyetufundisha kuuliza kama mama amekunywa.

Bwana Kamba aliinama, akaushika mche shinani, akaung'oa kwa mvuto mmoja, akautupa kwenye rundo. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningemsamehe. Alijifuta mkono kwenye suruali, akaamuru tawi lisogezwe, akaendelea na kamba yake.

Ramazani alikwenda kwenye rundo. Alipekua polepole kati ya miche yetu iliyokwisha kusinyaa mpaka akaupata wake. Akatoa kisu, akakata majani karibu yote akaacha kijiti na vijani viwili, maana mche uliopasuka mizizi hauwezi kunywesha majani mengi. Akaufunga mizizi kwa ganda bichi la mgomba. Kisha akaanza kutembea kwenda nyumbani, jua likiwa bado juu, kazi ikiwa haijaisha.

Bwana Kamba alimwita mara mbili. Mara ya tatu alimfuata, akamdai buku yake ya kazi. Ramazani akaitoa mfukoni akampa, bila kusimama vizuri, kama mtu anayempa mtoto peremende ili amwache apite. Mtu asiye na buku hakuruhusiwa kukaa mjini. Sote tulijua alichokuwa akitoa. Naye alijua.

Sisi tulisogeza tawi.

Kuhusu siku yenyewe, naandika kwa ufupi, kwa kuwa ilikuwa fupi. Tulipangwa nyuma ya matawi na ndoo, tuyamwagie majani maji yasilegee. Watoto wa shule walipewa vibendera. Gari moshi lilichelewa. Jua likapanda, majani yakaanza kujikunja licha ya maji, mengine yakageuka rangi ya chai. Hatimaye motokaa zilipita, vumbi likatanda, na mimi niliyekuwa mbele niliuona uso wa mgeni kupitia kioo.

Alikuwa amelala. Kofia imemshukia usoni, mdomo wazi.

Kwa ajili ya mdomo ule.

Siku mbili zikawa wiki mbili. Hakuna aliyetoa amri ya kuondoa matawi, na bila amri hakuna aliyeyagusa. Yakaoza yakiwa yamesimama. Mbuzi walikula yanayoliwa. Nzi wakaja kwa utomvu. Ungepita pale asubuhi ungeona safu mbili za vijiti vyeusi vyenye suruali nyeupe za chokaa, na harufu kama ya chumba cha mgonjwa. Miche yetu halisi ilikuwa imekwisha kuchomwa nyuma ya karakana.

Na Salima akapona.

Mimi si mshirikina. Nilisoma kidogo kwa mapadre na nimesoma zaidi baada ya hapo. Watoto wengine hupona shurua, wengine hawaponi, Salima alipona. Homa ilimshuka usiku ule ule wa siku ya kung'oa. Asubuhi akaomba uji.

Bibi yake, mama wa mke wa Ramazani, aliitwa Mwavita. Kikongwe mwembamba, mwenye heshima mtaani, asiyependa kuachwa bila neno la mwisho. Yeye ndiye aliyeunganisha mambo. Mti wa Salima ung'olewe, na usiku huo homa ya Salima ing'oke: kwake hilo halikuhitaji maelezo. Ugonjwa ulikuwa umejificha kwenye mizizi, na mkono uliouvuta ulikuwa na dawa. Mkono wa nani? Mtaa mzima ulijua mkono wa nani.

Siku chache baada ya mgeni kupita nilikuwa bustanini mbele ya ofisi, nikikata mawaridi yaliyonyauka, nilipomwona Bibi Mwavita anaingia langoni amevaa doti mpya, kuku chini ya kwapa. Bwana Kamba alikuwa barazani na mke wake na Mzungu mwingine, wakinywa kitu.

Kikongwe alipiga goti. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Bwana, nimekuja kusema aksanti. Kwa ile mti."

"Ile mti?" Bwana Kamba alisema.

"Ndiyo, bwana. Ya barabara. Mungu akupe nguvu ya mikono."

Alimwinulia kuku kwa mikono yote miwili. Kuku mweupe, mzima, miguu imefungwa kwa ukindu. Bwana Kamba akaangalia barabarani, akaangalia kuku, uso ukamlainika. Nilimwona akiguswa. Ndiyo, akiguswa! Akamgeukia mkewe, akasema kwa Kifaransa, na Kifaransa nilikielewa:

"Unaona? Wanasema hawathamini kitu. Wameipenda barabara."

Akamwambia mpishi achukue kuku. Bibi Mwavita akaondoka akiwa ameridhika, mgongo umenyooka, ameshalipa deni lake mbele ya watu.

Nilitapika kwenye mawaridi. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nikafunika kwa udongo, nikaendelea kukata.

Jioni nilikwenda kwa Ramazani. Alikuwa anafunga mzigo. Ndugu yake alimwitia kazi ya kuchimba madini kule Kampene, ambako walikuwa wakichukua watu bila kuuliza sana. Mtoto alikuwa mkekani, amekonda, anakula ndizi. Nje, karibu na bafu ambako maji ya kuogea humwagika, kile kijiti chenye vijani viwili kilikuwa kimesimama kimefungwa kwenye mti wa kukiegemeza. Kilikuwa kimetoa kichipukizi. Chekundu, kidogo kuliko ukucha.

Nikamwambia habari ya kuku. Nilidhani atapasuka.

Alikaza fundo la mzigo. Kisha akauliza, "Kuku gani?"

"Mweupe."

"Yule ni wangu," alisema. "Nilimwacha atagie mutoto mayai."

Halafu akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Mkewe alitoka kutazama, akamkuta ameshika tumbo, machozi yanamtoka, akisema, "Amechukua buku yangu, amechukua kuku yangu, na mukwe amemupigia goti." Nami nikacheka, kwa sababu nilishindwa kufanya lingine. Bibi Mwavita aliyekuwa ndani alituuliza kwa ukali kama wanaume wazima hawana adabu, mtoto akiwa ndiyo kwanza amepona.

Hakuna aliyemwambia ukweli. Hata leo sijui kama ungemfaa. Alikuwa na furaha yake, na ilikuwa furaha safi. Uchafu ulikuwa mahali pengine.

Baadaye niliona picha katika gazeti lenye karatasi za kung'aa, limeachwa juu ya meza ya karani. Barabara ya Kindu, miti pande zote mbili, vibendera. Maelezo yalisifu kivuli. Katika picha kuni zetu zilikuwa hazijakauka bado. Huko Ulaya, kwenye kabati la mtu fulani, mpaka leo hazijakauka.

Nimeona mengi mabaya kuliko hayo tangu hapo. Nimeukimbia mji huo risasi zikiwa nyuma yangu, nimezika watu bila sanda. Kwa hiyo najiuliza kwa nini tumbo langu, likitaka kukataa chakula, huchagua jambo hili dogo. Nadhani ni kwa sababu ya ile adabu. Vita havikuniomba nivishangilie. Barabara ile ilitaka kila mtu aipendeze: kapita atabasamu, watoto wapunge, kikongwe apige goti, na mti uliokufa usimame wima usiwaaibishe wenyeji.

Na leo kijana ameniita mzee wangu huku anambana mtoto kidole mlangoni.

Mjohoro wa Ramazani mara ya mwisho niliuona siku ninaondoka Kindu. Ulikuwa umelipita paa la nyumba. Ulikuwa nje ya kila mstari unaoweza kuufikiria, umeinama kuelekea maji ya bafu.

Sasa jua limezama na nimekunywa chai kidogo, imekaa. Nimeamua. Kesho, kabla vijana hawajarudi na lori lao, nitatoka na jembe na birika. Nitaung'oa ule mgomba, nitauegemeza ukutani ili wautumie mahali pengine, na nitaunyoosha mche wangu na kuushindilia udongo. Wakinigombeza, wanigombeze. Sina buku yoyote ya kunyang'anywa.

Kisha nitaupa jina, jambo ambalo nilipaswa kufanya tangu masika. Bado sijachagua. Ila halitakuwa la mtu mkubwa.